Mlima Mmoja, Serikali Ngapi? Jibu kwa Mwalimu wa Kaptama

Swali lililoniletea kazi wiki hii limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi. Nalinukuu kwa ufupi:

"Mzee, salamu. Mimi kwetu ni Nyakach, nilihamishiwa upande wa Kaptama mwaka jana. Watoto wa Gredi ya 5 wameniuliza maswali nikakwama. Mlima Elgon ni mmoja, mbona sisi tuko Bungoma na wale tunaowaona ng'ambo wako Trans Nzoia? Mlima wenyewe ni wa nani? Na kwa nini watu wa hapa hawakupata kaunti yao ilhali Vihiga, ndogo vile, ilipata? Swali la mwisho ni langu. Daraja la miti wanalovukia watoto kuja shule limeoza. Kila ofisi ninayoingia naelekezwa kwa nyingine. Niende wapi hasa?"

Mwalimu, pole na daraja. Nitalifikia, lakini njia ya kulifikia inapita kwenye maswali ya watoto wako, kwa sababu kinachokuzungusha ofisini ndicho kilichowachanganya wao darasani. Mlima Elgon hautawaliwi kwa kufuata umbo lake. Nimeshika minyororo ya kupimia ardhi pande zote mbili, Bungoma na Trans Nzoia, mpaka nikastaafu. Kule chini tambarare mtu akiniuliza shamba ni la nani, nilikuwa natazama ramani. Huku mlimani nilizoea kuuliza kwanza: tumepanda kiasi gani? Ukipanda mita mia tano, mwenye usemi anabadilika.

Tuanze na umbo. Elgon ni volkeno iliyozimika zamani sana, pana kuliko ilivyo ndefu. Kitako chake kina upana wa kilomita themanini hivi, na ndiyo maana ukisimama Kimilili huoni kilele kilichochongoka kama cha Mlima Kenya. Unaona mgongo mrefu wa samawati uliolala tu, mtu mgeni anaweza kuudhania wingu. Juu kuna shimo la volkeno lenye upana wa kama kilomita nane, na vilele vimelizunguka kama meno kwenye taya. Kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Sudek kiko mpakani, na Koitobos, mita 4,222, kiko upande wetu. Waambie watoto hilo bila aibu: sehemu ya juu kabisa ya mlima wetu iko kwa jirani.

Mteremko wa kusini na magharibi hupata mvua nyingi, udongo wake mwekundu ni mzito na wenye rutuba, ndiyo maana kwenu kuna kahawa, viazi, vitunguu na kabichi mpaka kwenye ukingo wa msitu. Upande wa kaskazini na mashariki kuna ukavu zaidi. Ukitoka mashambani unaingia msitu wa miti mikubwa, kuna podo, mierezi na ule mti unaoitwa Elgon teak ingawa kwa hakika ni jamii ya mizeituni. Baadaye mianzi. Ukipita mita elfu tatu hivi, miti inakatika, unabaki na nyasi ngumu, vichaka na ile mimea mirefu ya ajabu inayovaa majani makavu kiunoni kama sketi. Baridi ya huko si ya mchezo. Niliwahi kuamka asubuhi nikakuta maji ya chupa yameshika barafu, na mimi ni mtu wa magharibi ambaye siku hizo alifikiri barafu ni ya friji tu.

Sasa maji, na hapa ningeomba ukae kidogo na watoto, kwa sababu hakuna ramani ya serikali inayoeleza mlima huu vizuri kuliko mito yake. Maji yanayokusanyika ndani ya lile shimo hutokea upande wa mashariki kwa mto Suam, ambao mbele unaitwa Turkwel, na huishia Ziwa Turkana, nchi kavu ya ngamia. Maji ya kwenu, Kibisi, Kuywa na wenzao, huingia Nzoia na kuteremka mpaka Budalang'i, Ziwa Victoria. Na yale ya mto Lwakhakha hushika njia ya Malaba, yakaingia Uganda mpaka Ziwa Kyoga. Matone matatu yakianguka juu ya mgongo mmoja siku moja yanaweza kuishia kwenye maziwa matatu. Mkulima wa Budalang'i anayefurikiwa mwezi wa Mei ana haja ya kujua nani anakata miti juu ya Kapsokwony, lakini hana kura huko, na diwani wa huko hana kura yake. (Ndiyo, najua siku hizi anaitwa mwakilishi wadi. Mimi wa zamani, nimezoea diwani.)

Kwa nini basi mipaka haikufuata mito wala migongo? Kwa sababu waliokata hawakuwa wakitazama mlima, walitazama mambo yao. Kabla ya mwaka 1902, mlima mzima ulihesabiwa kuwa Uganda. Hata kwenu Nyakach palihesabiwa Uganda, mwalimu, pamoja na Kisumu yote mpaka Naivasha. Mwaka huo Waingereza wakahamisha jimbo la mashariki la Uganda wakalitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na mpaka ukapitishwa Elgon. Amri ya mwaka 1926 ndiyo iliyouandika vizuri: unapanda na mto Lwakhakha, unashika Sudek, unakatiza shimo la volkeno, kisha unateremka na Suam. Wasabiny wakabaki ng'ambo ile, Wasabaot upande huu, na lugha yao ni karibu moja. Jina lenyewe la Elgon linatokana na Kony, mojawapo ya koo za Wasabaot. Wabukusu, kama ndugu zao Wagisu wa Uganda, huuita Masaba.

Kisha mlima ukakatwa tena kwa ndani. Tambarare ya mashariki, walikokuwa wakilisha ng'ombe Wasabaot, ilipewa walowezi, hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaitwa Trans Nzoia na kutiwa katika mkoa wa Bonde la Ufa. Mteremko wa kusini ulibaki kuwa eneo la Waafrika na kuendeshwa na mkoa wa Nyanza. Kwa hiyo mstari ambao watoto wako wanauona kati yao na "wale wa ng'ambo" ulianza kama mstari kati ya shamba la mzungu na shamba la Mwafrika. Uhuru ulipokaribia, viongozi wa Wasabaot waliiomba tume ya mipaka ya mwaka 1962 iwaweke Bonde la Ufa pamoja na Wakalenjin wenzao. Wakatiwa Magharibi. Mkoa ulipovunjwa miaka mingi baadaye, mstari haukuvunjwa nao, ukawa mpaka wa kaunti. Wanaoonekana ng'ambo, upande wa Saboti na Endebess, ni Trans Nzoia kwa sababu hiyo na si nyingine.

Suala la kaunti nalo lina jibu ambalo wengi hawalijui, na mimi hulipenda kwa ukatili wake mdogo. Mlima Elgon uliwahi kuwa wilaya, makao yake Kapsokwony. Ulitengwa na Bungoma mwaka 1993. Sasa, katiba ya 2010 ilipotaja kaunti 47, haikukaa chini kupima nani anastahili. Ilichukua wilaya zilizokuwa zimetajwa katika sheria ya wilaya na mikoa ya mwaka 1992, basi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikuwa tayari imesema kwamba wilaya zote zilizoundwa nje ya sheria hiyo hazina msingi. Vihiga ilikuwa imetengwa na Kakamega mwaka 1990, ikaingia kwenye orodha. Mlima Elgon ulichelewa mwaka mmoja. Udogo wa Vihiga na ukubwa wa mlima havikuingia kwenye hesabu hata kidogo.

Je, inaweza kubadilishwa? Kifungu cha 188 kinaruhusu mipaka ya kaunti kubadilishwa, lakini sharti tume huru ipendekeze, theluthi mbili ya wabunge wote waunge mkono, na katika Seneti theluthi mbili ya ujumbe wa kaunti zote. Mwanasiasa akija kwenu akiahidi kaunti mpya kabla ya uchaguzi, mpe chai, msikilize, kisha umuulize hesabu hiyo.

Kwa sasa mlima una eneo bunge moja upande wa Bungoma, na wadi sita: Cheptais, Chesikaki, Chepyuk, Kapkateny, Kaptama na Elgon. Bunge la kaunti lina wadi 45. Sita kati ya arobaini na tano ni sauti ndogo, na watu wa mlimani wanajua, ndiyo maana huangalia sana nani anateuliwa mgombea mwenza wa gavana. Sheria ya serikali za kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Hiyo ni kinga yenu kwenye karatasi. Kuitumia ni kazi nyingine.

Nirudi kwenye "mlima ni wa nani". Panda nami kutoka shuleni kwako. Mashambani, kila kipande kina mwenyewe mwenye hatimiliki, au anayeisubiri. Sehemu ya Chepyuk imesubiri mno. Kuanzia mwaka 1971 serikali ilitoa ardhi ya msitu hapo ili kuwahamishia watu waliokuwa wakiishi juu, Chepkitale. Ugawaji ukafanywa kwa awamu, ukavurugwa, ukarudiwa, mwenye ploti leo akaambiwa kesho si yake. Kati ya 2006 na 2008 mzozo huo ulimwaga damu nyingi, kwanza mikononi mwa kundi lenye silaha, kisha katika operesheni ya jeshi ya Machi 2008. Darasani ungepita hapo kwa upole, maana huenda una mtoto ambaye babu yake hakurudi.

Ukifika kwenye ukingo wa msitu, umetoka mikononi mwa kaunti. Msitu huu ulitangazwa hifadhi mwaka 1932, na leo unasimamiwa na KFS, shirika la misitu la serikali ya kitaifa. Mama anayeingia kuokota kuni analipia kibali kituoni. Anayelima viazi kati ya miche michanga amepewa kijishamba kupitia chama cha jamii cha msitu, na miti ikikua kivuli chake kikashika, anatoka. Gavana hana amri hapo.

Upande wa Trans Nzoia ukiendelea kupanda kutoka lango la Chorlim unaingia mbuga ya taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, kilomita za mraba 169. Huko mwenye usemi ni KWS, wa wanyamapori. Ndiko liliko pango la Kitum, ambako ndovu huingia usiku gizani wakipapasa kwa mkonga, wakavunja mwamba kwa pembe zao na kuulamba kwa ajili ya chumvi. Nimeiona mikwaruzo ile kwa tochi. Ni mirefu na imelainika kwa ndani, kama mtu alivyopitisha vidole kwenye ugali moto. Kama unapeleka darasa, waombe askari wa mbuga waongoze: watu wawili waliotembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi vinavyobebwa na popo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, na popo si wa kuchezewa.

Ukipanda upande wa kwenu badala ya huo, juu ya mianzi unatokea Chepkitale, nyika ya baridi ya Waogiek wa Mlima Elgon. Hapa ndipo sheria zilipopandana kabisa. Wakoloni waliiacha iwe ardhi ya wenyeji. Baada ya uhuru ikawa ardhi ya amana chini ya baraza la wilaya. Mwaka 2000 ikatangazwa hifadhi ya wanyama, na wenyewe wakaamka wakiwa wavamizi kwao. Wakaenda mahakamani. Wakati kesi inasubiri, waliandika sheria zao wenyewe za kukaa na msitu, zikiwemo marufuku ya kuchoma makaa, na mtu anayezivunja hukamatwa na majirani zake. Mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi huko Bungoma iliamua kwa upande wao. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inatambua ardhi ya jamii, zikiwemo ardhi za kale za wawindaji na warina asali. Maoni yangu, na si wapimaji wote watakaokubali, ni kwamba walioutunza mlima kuliko wote ndio waliochelewa kuliko wote kuandikiwa jina.

Ukizidi kupanda, unaingia Uganda bila kujua. Hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna siku tulikuwa tunatafuta nguzo ya mpaka kwenye nyasi, ukungu umetushika, nikamkuta mvulana na ng'ombe kumi na kitu. Nikamuuliza Uganda iko wapi. Akanyoosha fimbo, akasema ng'ombe wake hulala upande huu na kunywa maji upande ule. Ramani yangu haikuwa na alama ya jambo hilo.

Haya, daraja. Sasa utaelewa kwa nini umezungushwa, na huhitaji hata kupanda mlima, tazama tu ua wa shule yako. Wewe mshahara wako unatoka kwa TSC, tume ya walimu, serikali ya kitaifa. Mwalimu wa chekechea, aliye chumba cha pili, ni wa kaunti. Zahanati mnakopeleka mtoto aliyeumia ni ya kaunti. Chifu na naibu wake ni wa kitaifa, chini ya yule naibu kamishna wa kaunti ambaye watu wa Kapsokwony bado wanamwita DC. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Wote hao wanaweza kukaa kwenye mkutano mmoja chini ya mti mmoja, na kila mmoja akakuhurumia kwa dhati bila kuwa na shilingi ya daraja lako.

Mwenye daraja ni mwenye barabara. (Kiswahili kinatuchezea hapo, maana hata barabara nazo zina madaraja, kwa maana ya vyeo.) Barabara kuu za A na B ni za KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Za C huko mashambani ni za KeRRA, mamlaka ya barabara za mashambani, nayo ya kitaifa. Kuanzia D kushuka, pamoja na vijia ambavyo havina hata herufi, ni za kaunti. Njia ya watoto wako karibu hakika ni ya kaunti, lakini usikisie. Nenda kwa msimamizi wa wadi na jina la njia, inakotoka na inakoishia, umwombe akuonyeshe kwenye orodha ya barabara. Ikiwa njia imo ndani ya msitu uliotangazwa, ni lazima KFS nao wahusishwe, kwa hiyo uliza hilo mapema. Madaraja mengi hukwama hapo.

Ikithibitika ni ya kaunti, tumia kalenda, maana kwenye kaunti pesa isiyoandikwa kwa wakati haipo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufikishwa kabla ya Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukilia juu ya daraja mwezi wa Mei, mvua imewatisha watu wote, lakini bajeti imeshapelekwa. Lia mwezi wa Julai na Agosti, wakati mpango unaandikwa, na urudi tena kwenye mikutano ya maoni ya wananchi kabla ya Aprili. Barua ipelekwe kwa mwakilishi wenu wa wadi, nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa karani wa bunge la kaunti. Ikiwa hamjibiwi, sheria inawapa wananchi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti, nalo hupokelewa kwa muhuri. Bila muhuri, barua ni hadithi.

Uandike nini? Usiandike "daraja ni baya". Andika idadi ya watoto wanaovuka, umehesabu wewe mwenyewe asubuhi mbili, siku ya jua na siku ya mvua, kwa sababu tofauti kati ya hesabu hizo mbili ndiyo hoja yako. Pima upana wa kijito kwa kamba, na kimo cha alama ya tope kwenye gogo la ukingoni, inayoonyesha maji yalifika wapi. Waache Gredi ya 5 wafanye vipimo hivyo pamoja nawe, kiangazi, maji yakiwa chini ya magoti. Na mwambie mmoja wao aandike jina la kijito kama wazee wanavyoliita, halafu mfuate kwenye ramani mjue kinaingia mto gani.